Dagaa Mmoja Hana Bei

Lugwisha alinifuata Mwaloni, soko likifungwa.
"Mwadila," akasema, simu mkononi
kama mtu aliyeokota kitu
asijue kama ni cha kurudisha.
"Nisomee hii. Wewe ulishauza muziki."

Nilishauza, kweli.
Kibanda changu kilikuwa pale panapouzwa chapati sasa:
kompyuta moja, feni bovu, kitambaa cha kufutia CD.
Nyimbo hamsini kwenye memori kadi kwa shilingi elfu,
ukileta mwenzako nakuongezea kumi.
Lugwisha alikuwemo katika kila kadi iliyovuka maji
kwenda Ukerewe, Kome, Maisome,
na zeze lake lililia mifukoni mwa wachimba dhahabu wa Geita.
Nilimlipa nini?
Soda.
Siku moja kilo ya sukari, mkewe alipojifungua.
Aliipokea kwa mikono miwili.

Sasa niko kwenye dagaa. Wateja wa kadi hawakuniaga,
kila mmoja siku yake aliamka na bando, basi.

Nikasoma. Mpwa wake ndiye aliyempandishia nyimbo huko juu;
yeye husema "huko juu" kama anayesema habari za mvua.
Umesikilizwa mara elfu arobaini na moja,
mia mbili na kumi na sita.
Akakaa juu ya gunia.
"Uwanja wa Kirumba wasingeenea."
"Si watu hao. Ni mara."
"Mara bila mtu?"

Pesa yenyewe, kampuni ikishakata,
mpwa akishakata, na ya kutolea ikishakatwa:
elfu ishirini na nane.
Sado tano za dagaa, na chenji ya kipande cha sabuni.

Nilimweleza kwa kitu ninachokijua.
Nikaokota dagaa mmoja, nikamweka kiganjani mwake.
"Huyu bei gani?"
Akacheka. "Dagaa mmoja hana bei."
"Ndivyo wanavyokununua, mmoja mmoja.
Na sado ni yao, kina chake hatujakiona."
Akamgeuzageuza yule dagaa.
"Wewe ulikuwa unachota kwa mikono,"
akasema, bila ubaya wowote,
nami nikajifanya natafuta kalamu.

"Soma na huku chini."
Huku chini ni miji. Kahama, Shinyanga, Dar,
mtu mmoja Maskati, Mungu anamjua.
Kisha Mwanza: ule wimbo aliomwimbia mama yake wakitoka makaburini,
mara tisini na mbili, usiku mmoja,
tangu saa tano hadi karibu na adhana.

Lugwisha akasimama.
"Nani huyu?"
"Hawaandiki majina."
"Huyu ana msiba. Mtu hasikilizi hivi akiwa mzima.
Ningeijua nyumba yake ningekwenda
nikampigia hadi alale, na nauli yangu mwenyewe."
Hakuuliza tena habari za pesa.
Aliondoka akitazama madirisha ya mlimani,
yale ya juu kabisa, katikati ya mawe,
yaliyokwisha kuwashwa taa.

Langu ni la tatu kutoka kwenye bomba.

Nimenunua bando, elfu moja.
Hesabu nimeshaipiga, mimi ni mtu wa mizani:
katika elfu hii, hadi alfajiri,
shilingi sitini na kitu ndizo zitamfikia,
kama hazitaliwa njiani.
Nauweka wimbo ujirudie,
naishusha sauti hadi mwisho, simu naifukia chini ya mto,
kama nilivyofanya juzi, na usiku wa kabla ya juzi.
Kadi moja, usiku mmoja. Hivyo nilijiambia.
Kadi zilikuwa ngapi, sikuwahi kuandika.

Leo lakini kidole kimesita.
Sauti sikuishusha yote.