Mlinda Viazi

Huku maji yakimwagika huzoleka.
Huganda kabla hayajaamua pa kwenda,
ukayaokota kama vigae.
Maji ya kunywa ya Sargylana
yamepangwa nje ya mlango mithili ya matofali;
akitaka chai, huchukua shoka.

Mimi ni mlinda viazi.
Siku tisa nimo nyuma ya lori la Ganya Sleptsov,
gizani, na magunia mia na arobaini
na jiko la chuma lililotoboa paa kwa bomba lake.
Kazi yangu kuni. Nikisinzia, viazi vinakuwa mawe,
na watoto wa Sylgy-Aryy watakula makaroni hadi Juni.
Huko mbele Ganya hazimi injini, hata akila.
Ikizimika kwenye baridi hii, asema,
tutaiwasha na kumbikumbi wa kiangazi.
Hajawahi kuona kumbikumbi. Nadhani alimaanisha mbu.

Kwenye ramani ya shule Indigirka ni uzi wa buluu.
Hawakuandika kwamba uzi huo ni mto miezi minne,
na barabara miezi minne,
na iliyobaki si mto si barabara:
ni barafu inapandana kama ng'ombe zizini
na helikopta isiyokuja.

Tulipita misonobari iliyopukutika sindano zote,
kilomita mia tatu bila nyumba, bila mbwa.
Farasi tu, wenye manyoya ya godoro,
wakichimbua kwa kwato nyasi za Septemba.
Kileleni Ganya akasimama, akafunga singa mtini,
akaacha chapati ya maji na sigara moja.
"Ya nani?"
"Ya mwenye nyumba," akajibu, akapanda lori.
Nilitazama pande zote nne.

Mtoni Sargylana alikuwa na keekee yake na kijiti chenye alama.
Akatoboa. Akapima. Akatoboa kwingine.
"Sitini na moja."
Lori letu lahitaji themanini.
Ganya akacheka: mwaka jana alivuka kwa sitini.
"Ndiyo," mama yule akasema,
"na Prokopy alikuwa nyuma yako."
Kisha akammiminia chai, amempa mgongo.
Ganya aliishika ile bilauri mpaka ikapoa,
na huku kitu hupoa upesi.

Ng'ambo moshi wa kijiji ulisimama wima kama mpini.
Karibu hivyo, na mbali hivyo.

Walikuja usiku, na sleji,
wanawake, wavulana, mwalimu mmoja mwenye miwani ya ukungu.
Gunia moja moja, chini ya blanketi,
hatua ishirini kati ya sleji na sleji,
bila maneno. Barafu iliguna chini yangu,
mguno mrefu, ukaenda juu ya mto ukarudi.
Nilivua koti nikalifunika gunia.
Sijui kwa nini. Lilikuwa gunia la arobaini na kitu.

Ng'ambo msichana alipenyeza mkono ndani ya blanketi.
"Vina joto," akasema,
akauacha mkono humo humo.

Gunia la mwisho tulimwachia Sargylana.
Alikataa kupewa bure.
Akaingia nje ya mlango wake, ndivyo alivyosema mwenyewe,
akarudi na matofali mawili ya maji,
akayaweka miguuni pa Ganya:
chai ya njiani, ya kurudia.