Ndogo Kwanza

Jumatatu ilianza kugonga.
Tik. Kimya. Tik tik. Kimya.
Nikadhani ni mvua juu ya bati la jirani,
nikadhani ni feni, nikaipangusa kwa brashi ya viatu.
Kumbe diski: moyo wake umesahau hesabu.

Nikalifunga kasha kwa kitenge, nikalibeba mgongoni,
nikateremka nalo kutoka Cimpunda hadi sokoni Kadutu,
maana pikipiki ingelitikisa likafia njiani.
Muuza ndizi akauliza: mtoto ana miezi mingapi?
Nikamjibu: miaka kumi na minne, na bado halali.

Zihalirwa hakuligusa upesi.
Alitega sikio kama mtu anayesikiliza
ugomvi wa nyumba ya pili.
Akabadili waya bapa. Tik.
Akaazima umeme wa mashine nyingine. Tik.
Akachomoa memori, akaisugua meno
kwa kifutio cha mtoto wa shule. Tik.
“Basi,” akasema, “tumewaachia wasio na hatia.
Mwizi ni yuleyule tuliyemshuku tangu mwanzo.

Usiiwashe tena ovyo. Kila ikiamka inajikwaruza.
Imebakiwa na safari moja, labda mbili.
Niambie, nini kitangulie?”

Nini kitangulie!
Mimi ni mpiga chapa. Humo mna
kazi za mwisho wa masomo mia tatu na ushee,
nyingine wenyewe hawakurudi kulipa;
barua za kuomba kazi, bwana mmoja, mara sitini na moja;
mgawo wa shamba la marehemu Rubambura,
ulioandikwa upya mara tatu
kwa kuwa wajane walikuwa watatu;
hotuba ya harusi ambayo haikufungwa.
Na faili moja isiyo na jina, kurasa tisa,
niliyoipiga usiku, bila mteja.

“Ndogo kwanza,” akasema Zihalirwa. “Kubwa huvunja mgongo.”

Umeme ulirudi saa nane ya usiku.
Tulikaa, yeye juu ya ndoo, mimi juu ya betri kuukuu,
tukitazama mstari wa kijani ukitambaa
kama konokono kwenye ngazi zenye tope.
Asilimia tisa. Ishirini na mbili. Tik.
Ishirini na mbili.
Ishirini na mbili.
Akazima redio, kana kwamba redio ndiyo inayoisumbua.
Arobaini.
Hamsini na nane,
na hapo ikakata kauli. Haikugonga tena.
Nilitamani igonge.

Wajane wamepona, wote watatu.
Mwombaji kazi amepona na barua zake zote.
Kurasa tisa sijazitafuta hadi leo;
flashi imo ndani ya kopo la kahawa, nami napita.

Diski aliifungua mbele yangu, hakunitoza.
Sahani yake ya ndani inang’aa kuliko kioo cha saluni.
Binti yangu Ansima ameitundika msumarini dirishani,
anasukia nywele hapo asubuhi,
akilalamika kwamba ina tundu katikati
na uso wake hauna pua.