Kikohozi cha Dakika ya Pili

Albamu ina nyimbo tisa, na zote zinamhusu Torkel.
Torkel ndiye mpiga ngoma.

Fikiria hilo kwanza:
umekaa kwenye kigoda, vijiti mkononi,
unamhesabia moja, mbili, tatu, nne
mwanamke anayekwenda kuwasimulia watu
namna ulivyoondoka na birika.

Mimi nilikuwa nyuma ya kioo, kazi yangu vitufe.
Umeå, Februari, chini ya duka la baiskeli
lililofungwa hadi barafu iyeyuke.
Hita moja. Nyaya zimesokotana kama utumbo wa kuku,
na soksi za Disa, mpiga besi, zinakauka juu ya spika.
Bendi yao iliitwa Glavu Moja,
kwa kuwa huku mtu akiokota glavu ya mwenzake
huivalisha nguzo ya uzio, ikae ikipunga
hadi mwenyewe apite tena.
Ylva alilibuni jina hilo walipokuwa wawili.
Wakati ule lilichekesha.

Wimbo wa kwanza unahusu funguo.
Wa pili, funguo zilezile, ila mbiombio,
na kinanda cha watoto kinachokosea nusu sauti.
Wa tatu ndio ninaotaka kuusema.

Ylva hakulia. Niliandika daftarini: hakulia.
Aliimba amesimama kwa mguu mmoja kama korongo,
koti hakuvua, sauti ndogo ya mtu
anayeagiza mkate huku foleni nzima inamsikiliza.
"Ulichukua birika, ukaniachia chai."
Ndicho kiitikio. Hakuna zaidi.
Anakirudia mara nne, na mara ya nne
analisahau birika, anaacha pengo,
na Torkel, bila kuambiwa, analiruka pengo hilo,
kama unavyoruka kipandio kibovu
cha ngazi ya nyumba uliyowahi kuishi.

Kisha, dakika ya pili na sekunde kumi na moja, akakohoa.

Si mafua. Mafua nayajua, nimerekodi kwaya za kanisa.

Disa akaniangalia. Nikaangalia mita.
Ylva akaimba hadi mwisho, akavua spika za masikio,
akauliza, "Hiyo kelele utaifuta, sivyo?"
Torkel akasema, "Ifute."
Wiki nzima, hilo tu walikubaliana.

Mapenzi na kikohozi havifichiki, husemwa.
Wasemao hawajawahi kukaa na mashine yangu.
Mimi hukificha. Kikombe kimoja cha kahawa,
nakata hapa, nashona pale, na hujui.
Nilikiona kwenye skrini: kichuguu cheusi
kati ya mistari miwili, punje ya mtama.
Nikakikata, nikasikiliza.
Wimbo ukawa mzuri. Ukawa wa mtu
anayemwimbia mtu aliye mbali.
Nikakirudisha,
na yule mtu akawa chumbani.

Usiku ule nilikitoa na kukirudisha mara sita.
Gari la kukwangua theluji likapita,
taa yake ya chungwa ikazunguka dari.
Mimi mwenyewe kuna mtu nilimwachia viti vyote vinne;
hayo si ya albamu hii.

Ilitoka Mei, santuri mia tatu, jalada la kijivu.
Hakuna aliyenipigia simu kulalamika.
Nilidhani hawajasikiliza.

Juni wakapiga kwenye ukumbi wa zamani wa wakata mbao,
watu sitini hivi, jua la saa nne usiku madirishani.
Wimbo wa tatu. Mguu mmoja. Chai.
Torkel kainamisha kichwa, anapiga kwa brashi,
kifua chake kimya kabisa.
Ikafika dakika ya pili, na sekunde zake kumi na moja,
na msichana wa mbele, aliyeijua santuri kwa moyo,
akakohoa.
Kisha aliye pembeni yake. Kisha safu.
Kisha ukumbi wote, kwa adabu, ngumi mdomoni.

Ylva akanyamaza. Akageuka nyuma,
akamtazama mpiga ngoma wake.

Torkel alikuwa chini, anatafuta brashi iliyoanguka.