Nafasi ya Vidole Vinne

Mbegu ya bitiruti ni mwongo.
Unaishika, kavu, ina makunyanzi kama kipande cha kizibo,
unasema: moja.
Unaifukia, unahesabu: moja.
Siku ya kumi na mbili wanachomoza watatu, wanne,
wamebanana shingo nyekundu,
na kila mmoja anadai shimo ni lake.

Nilijifunzia Littleport, magoti chini,
kwenye udongo mweusi kama masizi ya jiko,
Aprili, upepo ukija kutoka Ely bila kupiga hodi,
na mzee Setchell nyuma yangu
ameshika rula ya shule ya mjukuu wake.

Alikuwa na pakiti mbili.
Hii ya vishada, baba yake aliipanda, na babu.
Hii nyingine imefundishwa kuzaa mmoja tu,
na bei yake mara tatu.
Kiwanda cha achari hakitaki hadithi, alisema,
kinataka zilingane, ziingie chupani nzimanzima.
Akanionyesha bangili mbili za chuma:
isipite kwenye ndogo,
isikwame kwenye kubwa.
Kati ya bangili hizo ndiko iliko kodi ya shamba.

Tukapanda mistari mitatu.
Wa kwanza vishada, kwa mkono wangu na kwa jicho.
Wa pili mbegu za mmoja mmoja, ila nilibana, vidole viwili.
Wa tatu hizo hizo, vidole vinne,
nikapima kila shimo mpaka goti likafa ganzi.

Mei akaniambia: punguzia.
Acha mnene, ng'oa wenzake.

Mkono ukasita.
Mimi ni Doto. Tumboni tulikuwa wawili
mahali pa mmoja;
Kulwa alitoka na kilo tatu,
mimi moja na nusu, nikafungwa kwenye kanga
pamoja na chupa za maji ya moto.
Mkunga hakuwa na rula.

Nikang'oa. Nilikuwa nalipwa kwa saa.
Vichipukizi nikavitia kwenye mfuko wa mkate,
jioni nikavikaangia kitunguu na tui la kopo,
mchicha wenye damu.
Setchell akaonja kwa ncha ya uma,
akaomba bakuli.

Julai tukafukua.
Mstari wa kwanza ulikuwa ukoo mzima:
mmoja ngumi, mmoja gololi,
wengine bapa ubavuni,
kama waliolala kitanda kimoja mwaka mzima.
Wa pili zililingana, ndiyo,
zililingana kwa unyonge,
ndefu nyembamba, karoti zilizokosea rangi.
Wa tatu bangili ilipima, ikapima,
mzee akiguna kwa kila moja.
Katika mia, tisini na moja.
Akavua kofia, sijui alimvulia nani.

Zile tisa nilizikagua peke yangu.
Moja jiwe liliizuia kiuno.
Mbili nilizifukia kina cha kidole kizima, kosa langu.
Nyingine konokono alikuwa amemla jirani yake,
ikabaki na nafasi ya wawili,
ikanenepa kwa msiba.

Na ile ya mwisho wa mstari,
upande mmoja wenzake, upande mmoja njia ya trekta,
hiyo tuliiacha mpaka Oktoba, kwa utani tu.
Ikawa kichwa cha mtoto.
Bangili ilikaa juu yake kama taji dogo.
Kiwanda hakina chupa yake.

Nikaibeba kwa basi, mapajani, na matope yake.
Nikampiga picha, nikamtumia Kulwa.
Akajibu usiku, neno moja baada ya jingine,
kama kawaida yake:
Huyo. Ni. Wewe. Au. Mimi?

Sufuria ilikuwa imeshachemka,
maji mekundu, dirisha lote mvuke.
Nilikuwa na kisu mkononi.
Sijamjibu.