Kikaango Kimoja

Tangu nilipoteleza kwenye barafu mbele ya duka la vifungo
mkono wangu wa kulia umelala ndani ya plasta,
mzito, si wangu tena.
Leo ni siku ya tisa. Supu ya Halszka wa ghorofa ya pili imekwisha.
Bogumił amesimama katikati ya jiko letu dogo
akitazama makabati
kama abiria asiyejua treni yake itasimama jukwaa lipi.

"Tupike nini?" anauliza.
Tupike!
Miaka thelathini na minne ya ndoa,
na kitenzi hicho ndiyo kwanza akitamke kwa wingi.

Viazi vimo kapuni, chini ya dirisha, nasema.
Soseji ziko nyuma ya mtungi wa kabichi chachu.
Kikaango kimoja kitatosha.
Kile cheusi. Hapana.
Cheusi zaidi.

Mume wangu ni fundi wa vitasa.
Nusu ya Bydgoszcz amewahi kuifungulia milango yake usiku wa manane,
walevi, wajane, mwanamke mmoja aliyetoka na taulo tu kutupa taka.
Sasa anakigeuza kiazi mkononi,
anakigeuza tena,
anatafuta tundu la ufunguo.
Ganda linatoka nene, na nyama ya kiazi imeondoka nalo.
Nauma ulimi.

Vipande vingine vina ukubwa wa kidole gumba,
vingine wa kiberiti.
Vidogo vitaungua, vikubwa vitabaki vibichi.
Nauma ulimi.

"Mafuta tayari?"
Bado.
"Sasa?"
Tupia kipande kimoja. Kikilalamika, tia vyote.
Anainama, sikio karibu na moto,
hivyohivyo anavyosikiliza kufuli bovu.
"Kinalalamika," ananong'ona, uso umemng'aa,
na viazi vinaingia kwa kishindo, viwili sakafuni.

Soseji zichanje chale, tatu tatu, zisije zikapasuka.
Hilo analiweza. Kisu kinapita sawasawa,
na mafuta ya soseji yanashuka taratibu kati ya viazi,
mekundu kidogo, yenye moshi,
na dirisha linafunga ukungu mpaka theluji ya nje haionekani,
na kitunguu kinaanza kulegea
na mimi, kwenye kigoda changu, naanza kulegea pia.

Nafungua kinywa nimwambie kuhusu kisibiti.
Nachelewa.
Ameshakishusha kikopo, rafu ya juu, nyuma ya chai,
amemimina kiganjani, si kingi, si kidogo,
anakisugua kwa kidole gumba, mara mbili, kisha anakinyunyiza
kutoka juu, mkono ukizunguka.
Mkono wangu ule. Mzunguko wangu ule.

Nani amekufundisha hivyo?
"Nina macho," anasema, bila kugeuka.

Na mimi jioni zote hizo, pale mlangoni,
nilidhani anasoma gazeti.

Tunakula humohumo kikaangoni, juu ya gazeti la juzi.
Mkono wa kushoto hauna adabu:
uma unakimbiza kiazi mpaka ukingoni,
kinaniponyoka, nakifuata.
Haniambii pole. Anavuta soseji yangu upande wake,
anaikatakata, anairudisha,
akiendelea kusimulia habari za mteja aliyemeza ufunguo.
Vipande vikubwa vimebaki vibichi kidogo katikati.
Vidogo vimeungua.
Ukoko tunaugombea, kijiko kwa uma, na ninashinda.

Kisha ananyanyuka, amejaa fahari,
chombo kimoja tu cha kuosha, anasema, ona!
Anafungulia maji ya moto,
anamwaga sabuni.
Sabuni! Kwenye kikaango cha mama yangu,
ambacho weusi wake nimeulea kuliko nywele zangu.

Nauma ulimi.
Bado una chumvi, na kisibiti.