Upana wa Leo

Lanzhou, saa kumi na mbili asubuhi.
Mvuke umeziba kioo cha duka la Ma Shouyi
na foleni imeshafika kwa fundi viatu.
Hapa huulizwi utakula nini.
Wote tunakula kitu kimoja: supu ya ng'ombe, figili nyeupe,
majani ya giligilani, mafuta ya pilipili yaliyoiva mpaka yakanyamaza.
Unaulizwa upana.

"Unywele," anasema karani aliyechelewa.
"Jani la kitunguu," anasema askari wa barabarani.
"Mkanda," anasema mpakua makaa,
na Shouyi anapiga bismillahi, anashika donge,
analivuta, analikunja,
moja ikawa mbili, mbili nne,
nane, kumi na sita, pa! juu ya ubao,
thelathini na mbili:
hesabu ile ile iliyomtoa jasho shuleni
sasa inaning'inia vidoleni mwake bila kukatika.

Bibi Tie Guizhen, aliyekata tiketi za reli miaka thelathini,
alikuwa mtu wa unywele.
Mumewe alipolazwa, akahamia jani la kitunguu.
Mumewe alipozikwa, akaomba mkanda,
mpana, mzito, wa kutafunwa polepole,
wa kumpa mtu sababu ya kutozungumza.
Shouyi hakumpa pole.
Alimwongezea nyama.

Binti yake Shouyi, Ruxin, yuko Bari, anasoma.
Usiku anampigia baba simu ya picha
kutoka uchochoro ambamo mwenye nyumba wake, Mama Nunziata,
ametoa meza nje: kisu kimoja, dole gumba moja,
na vijisikio vya unga vimetandazwa kwenye wavu
kama kijiji kizima kimekuja kusikiliza kesi.
"Baba, huku unga una majina!
Vijilimi. Vipepeo. Vijinyoo. Nywele za malaika.
Kuna hata Wanyonga-Padri."
Shouyi anacheka mpaka anamwaga chai.
"Muulize hivyo visikio vinasikia nini."
Ruxin anatafsiri. Mama Nunziata hainui uso:
"Vinasikia mchuzi."

Mimi ni mgeni katika foleni hii.
Kwetu vyote hivyo ni tambi, neno moja tu,
na nusura nilionee haya,
mpaka nilipokumbuka kwamba ndilo jina la zile nyuzi za taa,
zinazolala ndani ya mafuta
zikisubiri mtu mwenye kiberiti.

Ijumaa moja Bibi Tie alifika mbele ya dirisha
akaulizwa upana, akakosa jibu.
Foleni ikaguna. Mtu akakohoa kwa makusudi.
"Vuta tu," alisema, "chochote."

Shouyi akavuta mkanda.
Kisha akanyofoa kipande kidogo pembeni,
akakibonyeza kwa dole gumba,
kikatoka kibaya, kinene, kimepinda upande,
akakitumbukiza.

Bibi Tie alikikuta chini kabisa, supu ikiwa imekwisha.
Akakiinua kwa vijiti.
"Na hiki?"
"Sikio," Shouyi alijibu, mikono ikiwa kazini.

Alikitazama kwa muda.
Akakisogeza karibu na midomo,
akakinong'oneza jambo, refu kidogo,
halafu akakila.

Kesho yake, kabla hajaulizwa:
"Jani la kitunguu."