Mita Tatu na Nusu

Alhamisi, saa moja asubuhi, darajani Amposta,
nateremsha kebo ya rangi ya chungwa
ndani ya Ebro, mto uliochoka,
uliofungwa mabwawa tangu huko milimani
hata ukifika kwetu unanong'ona.

Mita moja: maji matamu, ya kunywa mtu na punda.
Mita mbili: matamu bado.
Mita tatu: kipimo kinaanza kusita.
Mita tatu na nusu: kumi na saba.
Mita nne: thelathini na sita, bahari tupu,
bahari iliyotambaa kwa tumbo
kilomita thelathini chini ya mto
bila kuuamsha.

Wageni huniuliza mbona hayachanganyiki.
Uzito, nawajibu. Ya chumvi ni mazito, hulala.
Matamu hupita juu yake
kama mwenye nyumba anayenyata sebuleni
alimolala mgeni asiyemwalika.

Bibi Munda alitufundisha kwa glasi na kijiko.
Maji ya chumvi aliyatia tone la divai,
kisha akamimina matamu, taratibu, mgongoni mwa kijiko.
Yakakaa. Mekundu chini, meupe juu,
glasi ikashinda mezani hadi chakula cha usiku.
"Msitikise meza," alisema.

Mwaka wa ukame Blai, kaka yangu,
aliunga bomba la pampu, akalizamisha mita mbili zaidi.
Aliwaza kama awazavyo kila mwenye kiu:
chini ndiko kwenye maji mengi.
Na kweli yalikuwa mengi. Tena maangavu,
kuliko ya juu yenye tope,
maana chumvi haina rangi ya kujitangaza.
Usiku kucha pampu ikanywa bahari
ikautapikia mpunga.

Siku ya nne ncha za majani
zilikuwa kama karatasi iliyopitishwa motoni.
Baba alichuma jani moja, akalitafuna,
akatema. Hakusema neno.
Angesema! Tungejua pa kuanzia.
Wanaosema kimya kingi kina mshindo
hawakuketi mezani petu:
miaka sita, juu yakipita maneno mepesi,
nipe mkate, mikunga mwaka huu imenona,
na chini, mita tatu na nusu,
kitu kizito, kiangavu, kimelala.

Ila kazi hii imenionyesha jambo
ambalo glasi ya bibi haikulionyesha.
Pale mpakani hapajatulia kamwe.
Mto ukikaza mwendo, ngozi ya chumvi hujikunja,
vijiwimbi vidogo, visivyofika juu vikaonekana,
kila kimoja hupasuka
kikarusha kijiko cha chumvi ndani ya utamu.
Chumvi ndiyo hupanda.
Matamu hayashuki kuifuata.
Aliye chini ndiye anayetoa,
na anayepita juu hupokea, akaenda zake
bila kujua kwa nini ladha yake imebadilika.

Oktoba walifungua mabwawa.
Bahari ikarudi kinyumenyume hadi mlangoni mwake.
Baba alikuwa hospitali, Tortosa,
dawa zimemnyang'anya ladha,
supu na maji kwake ni mamoja.
Blai akaja darajani, hakuitwa na mtu.
Akashika kebo. "Leo imefika wapi?"
"Soma mwenyewe."
Mita nne, sifuri nukta nne. Mita tano, vilevile.
Akasoma mpaka kipimo kikagusa matope.

"Itarudi," nikamwambia. "Mto ukipungua, itarudi."
"Najua. Ndiyo maana nililikata lile bomba."
"Lini?"
"Asubuhi ileile. Kabla Baba hajaamka."

Lori likapita, daraja likatikisika miguuni mwetu.
Siku nne kabla ya lile jani kutafunwa.
Miaka sita, nami napima kila kitu.

Kebo ilipopanda ikichuruzika
alilamba kidole chake kilicholowa, kama Baba,
akakiacha kinywani kidogo, akifikiri.
Hakutema.